Kujiua si habari ya polisi

Mwandishi akinipigia leo kuniambia ana habari ya mtu aliyejiua, swali langu la kwanza ni: nani amekupa? Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la habari za mikoani katika gazeti moja la Kiswahili jijini Dar es Salaam, na nilichokiona huko ni kwamba aliyekupa taarifa ndiye anayeiandika habari. Wewe unaongeza nukta na mkato.

Na aliyetupa, karibu kila mara, alikuwa polisi.

Msomaji wa magazeti yetu anaijua habari hiyo kwa moyo hata kama hajawahi kukaa akaichambua. Inaanza na mkazi wa kijiji fulani, umri wake kwenye mabano, kisha kitendo pamoja na kifaa. Aya ya pili Kamanda wa Polisi wa Mkoa anathibitisha kutokea kwa tukio hilo. Ya tatu inasema lilitokea usiku wa kuamkia siku fulani na kwamba chanzo ni wivu wa mapenzi, au ugumu wa maisha, au madeni. Ya nne ni ya jirani ambaye hakutaka jina lake liandikwe gazetini: marehemu alikuwa mcheshi, hakuonyesha dalili yoyote. Ya mwisho, mwili umehifadhiwa katika hospitali ya mkoa kwa uchunguzi zaidi, na kamanda anawataka wananchi waache kujichukulia sheria mkononi. Maneno hayo ya mwisho nimeyakuta kwenye habari ya aliyejiua zaidi ya mara moja, kana kwamba marehemu alikuwa amemchoma moto mwizi wa kuku.

Hakuna aliyekaa chini akapanga iwe hivyo. Mwandishi wetu wa mkoani hana mshahara. Analipwa kwa habari, tena ile iliyochapishwa tu. Asubuhi yeye na wenzake wanakwenda ofisi ya kamanda, wanapewa taarifa ya matukio: ajali, bangi iliyokamatwa, wizi wa ng'ombe, na katikati ya hayo mtu aliyejiua. Saa kumi na moja jioni, ukurasa ukikaribia kufungwa, anapiga simu. "Shikamoo dada. Nina nne leo." Nne, maana yake nne za kulipwa. Hakwenda kijijini, na nauli ya kwenda huko ingekula malipo ya habari mbili. Ukimuuliza "wivu wa mapenzi" kautoa wapi, atakwambia ukweli mtupu: kamanda kasema. Kamanda naye kaambiwa na mkuu wa kituo, na mkuu wa kituo kaambiwa na askari aliyefika nyumbani watu wakilia akauliza, "Kulikuwa na ugomvi?" Nyumba gani haina ugomvi?

Polisi wanaingia humu kwa sababu sheria imewaweka humu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai. Aliyenusurika ni mtuhumiwa, na aliyekufa ni jalada. Muuguzi mmoja wa wodi ya dharura, mama mtu mzima ambaye nilizoea kumpigia kwa habari za kipindupindu, aliwahi kunieleza kinachotokea mlangoni kwao. Ndugu wanamleta mgonjwa, wanaulizwa PF3, ile fomu ya polisi, wanatazamana. Mmoja anasema ni ajali, ameteleza. Mwingine anasema hatujui, tumemkuta hivyo. "Sasa wewe niambie," akasema yule mama, "daktari atamtibu nini, kuteleza?" Mgonjwa anatibiwa mwili, anaruhusiwa, anarudi chumba kilekile, na hakuna aliyemuuliza kitu kuhusu moyo wake, maana kuuliza ni kufungua kesi.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini habari zetu zilikuwa na harufu ya mahakama. Zilitafuta kosa, silaha, sababu na mshirika. Mtu mwenye maumivu hakuwa na mahali pa kukaa ndani yake.

Jambo lililonikata maini halikutoka kwenye gazeti letu. Lilitokea mtaani kwetu. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa akinipeleka kituoni asubuhi nikichelewa, alifariki, na mtaa mzima ulijua amejiua kabla adhuhuri haijafika. Turubai likafungwa barabarani, viti vya plastiki vikashushwa, wanaume nje na daftari la rambirambi, wanawake ndani kwenye mikeka. Mchana wakaja vijana watatu wa televisheni za mtandaoni, kila mmoja na maikrofoni yenye nembo yake, wakamtafuta mama wa marehemu. Mama hakuwa na hali ya kuongea. Wakaletewa mama yake mdogo, akaketi kwenye kiti huku upande wa kanga umeziba nusu ya uso.

"Mama, pole sana. Mama, tuambie, siku ile alikuwa amegombana na nani?"

"Hatujui baba. Sisi hatujui. Ila alikuwa halali. Tangu mfungo unaanza alikuwa halali usiku, anakaa tu pale barazani. Na kula ndiyo hivyo, anagusa anaacha. Pikipiki ilikaa ndani wiki mbili."

"Sawa mama. Lakini tunasikia kulikuwa na suala la mchumba?"

Nilikuwa nimesimama hatua chache, na kopo la maji mkononi. Mwanamke yule alikuwa ametoka kusema kila kitu ambacho mama mwingine, popote pale, angehitaji kukisikia: kijana halali, hali, ameacha kazi aliyokuwa akiipenda, anakaa peke yake. Daktari wa magonjwa ya akili angeweza kuchukua sentensi zile tatu akazifanya kipindi kizima. Kijana wa maikrofoni alizipita kama anayepita shimo barabarani. Alikuwa akitafuta mtuhumiwa, na pembeni mtu akamsaidia: eh, kulikuwa na binti, walikuwa wameachana.

Jioni video ilikuwa kwenye simu za watu wote. Kichwa chake kilimtaja "mchumba". Siku ya tatu binti huyo akaja msibani na shangazi yake, wamebeba mfuko wa sukari. Hakuna aliyemfukuza. Wanawake walikaa tu kwenye mkeka bila kusogea, na yeye akasimama mlangoni mpaka shangazi akaweka mfuko chini wakaondoka. Tangu siku ile nikiona "chanzo ni wivu wa mapenzi" natafuta mtu aliye hai ambaye maneno hayo yanamwangukia. Huwa yupo.

Wakati huo semina za waandishi kuhusu afya ya akili zilikuwa zimeanza, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokwenda kwa ajili ya posho na chakula cha mchana. Daktari aliyefundisha alianza na Vienna. Treni za chini ya ardhi za mji huo zilifunguliwa mwaka 1978, na miaka michache baadaye watu wakaanza kujiua humo huku magazeti yakiandika kila tukio kwa mbwembwe na picha. Katikati ya 1987 wataalamu wa Austria waliwaandikia wahariri mwongozo na wahariri wakaufuata. Nusu ya pili ya mwaka huohuo vifo na majaribio kwenye treni hizo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 80. Ukumbi ukaguna. Mmoja wetu akasema, "Daktari, hiyo ni Ulaya." Daktari akacheka, akauliza kama binadamu wa Ulaya ana ubongo wa namna gani.

Nilikwenda kusoma mwenyewe. Shirika la Afya Duniani, WHO, limekuwa na mwongozo wa waandishi kuhusu kujiua tangu mwaka 2000 na limeuhuisha mara kadhaa, mara ya karibuni 2023. Mambo yake si mageni kwa mhariri mwenye akili timamu: usieleze njia, usitaje eneo, usichapishe barua aliyoiacha marehemu, usiupe mkasa mzima sababu moja, usimfanye marehemu shujaa, na mwonyeshe msomaji msaada ulipo. Kilichonigusa zaidi ni uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la madaktari wa Uingereza, BMJ. Baada ya vyombo vya habari kuripoti mtu maarufu amejiua, vifo vya kujiua katika jamii vilipanda kwa takriban asilimia 13 katika kipindi cha mwezi mmoja hadi miwili. Na pale njia aliyoitumia ilipotajwa, vifo kwa njia hiyohiyo vilipanda kwa asilimia 30 hivi. Dunia inapoteza zaidi ya watu 700,000 kwa mwaka kwa kujiua, kwa hesabu za WHO. Chukua asilimia yoyote ya hapo uone ni watu wangapi.

Kwetu kuna jambo ambalo miongozo ya Ulaya haiwezi kulijua, nalo ni redio ya asubuhi. Habari inaweza kuandikwa kwa uangalifu wote ndani, na mwishoni ikawekwa namba ya msaada, lakini kesho yake saa moja mtangazaji wa Kigoma, wa Mtwara, wa Singida anapitia magazeti hewani, na anachosoma ni kichwa cha habari. Daladala nzima inasikia kichwa. Wapo na wasomaji wa kibandani wanaosimama mikono nyuma, wanasoma ukurasa wa mbele na kuondoka bila kununua. Hao ni wengi kuliko wanunuzi, na ninawaheshimu, lakini aya ya mwisho hawaifikii kamwe. Vitenzi vyetu vya vichwa vya habari mara nyingi vinabeba na njia ndani yake. Kwa hiyo vita yangu ya kwanza na msanifu wa kurasa ilikuwa juu ya kichwa tu. Kifo kisiwe ukurasa wa mbele, kitendo kisiwe kwenye kichwa, na picha ya marehemu akitabasamu, iliyochotwa mtandaoni, isiwepo kabisa. Mhariri wa mauzo alisema nitaliua gazeti. Gazeti halijafa, ingawa nakala zimepungua kwa sababu ambazo yeye na mimi tunazijua, na simu za mkononi ndizo za kwanza.

Ombi la pili lilikuwa gumu zaidi, nalo ndilo lililobadilisha mambo: habari hizi zihamishwe kutoka dawati la matukio kwenda dawati la afya. Watu walidhani ni suala la meza. Lakini dawati la afya lina simu nyingine kwenye kitabu chake. Mwandishi wa matukio anampigia kamanda, wa afya anampigia mganga mkuu wa wilaya, afisa ustawi wa jamii, muuguzi wa kliniki ya afya ya akili. Wa kwanza anauliza nini kilitokea usiku ule, wa pili anauliza nini kilikuwa kinatokea miezi ile. Na habari ya afya haina haraka ya saa kumi na moja jioni. Inaweza kungoja wiki mbili mpaka familia imalize matanga, na wakati mwingine baada ya kungoja unagundua hakuna habari ya kuandika, ni msiba wa watu, uwaache. Kwa maoni yangu vifo vingi vya namna hii vya watu wa kawaida havina sababu ya kuwa gazetini kimojakimoja.

Tatizo likawa malipo. Mwandishi wetu wa Kanda ya Ziwa alinipigia akiwa na hasira ya haki. "Dada, nyinyi mna mishahara. Mimi ukiniambia nisiandike, unaninyima unga." Hakuna mwongozo nilioona unaotaja unga. Ilibidi tukae na uhasibu, tukakubaliana kwamba makala moja ya afya ya akili yenye watu watatu waliohojiwa ilipwe sawa na habari nne za matukio pamoja na nauli. Haikudumu miaka yote, bajeti ni bajeti, lakini ilidumu kiasi cha kutosha yule kaka kutengeneza urafiki na afisa ustawi wa jamii wa wilaya yake. Habari zake zikaanza kuwa na watu ndani.

Watafiti wa Vienna, mwaka 2010, walichapisha jambo ambalo wahariri wengi hawalijui kwa sababu halitishi: habari za watu waliowahi kufikiria kujiua, wakapita kwenye giza hilo wakatoka, ziliambatana na kupungua kwa vifo. Kwa hiyo tukawatafuta waliotoka. Tulimpata baba mmoja, fundi seremala, aliyekuwa tayari kuzungumza hata kwa jina lake. Alisema hana cha kuficha, Mungu kamrudisha. Ni mimi niliyemkatalia jina. Kwa kifungu cha 217 angeweza kuonekana anakiri kosa la jinai gazetini, na picha juu. Tukamwita fundi tu. Alieleza kwamba usiku aliokuwa amekata tamaa mdogo wake alikuja kuomba msumeno, akakaa, hakuondoka, wakaongea mpaka alfajiri mambo ya Yanga na Simba, na asubuhi akampeleka hospitali. Alieleza dawa, alivyonenepa kwa sababu ya dawa, alivyoziacha akarudi chini, akazianza tena. Ile ya kunenepa mhariri mwenzangu alitaka kuikata. Tukaiacha, na ndiyo iliyoleta simu nyingi za wasomaji, wake kwa waume, wakiuliza kama ni kawaida.

Kwa upande wa sheria, Kenya wametutangulia. Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na katiba. Waliofungua shauri ni pamoja na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili. Nilifurahi kwa ajili ya majirani, na nikawaonea wivu waandishi wao kidogo.

Kuhusu namba za msaada: zipigeni kabla hamjachapisha. Tuliwahi kuletewa namba ya taasisi fulani, tukaipiga saa tatu usiku, ikaita ikakatika. Hatukuiweka. Tunatumia 116 ya kumsaidia mtoto na 199 ya Wizara ya Afya, zote hazina gharama. Msomaji aliyeko Kenya ana 1199 ya Msalaba Mwekundu. Anayesoma haya na moyo wake ni mzito asingoje apate namba iliyo bora zaidi. Amwambie mtu mmoja leo, au afike zahanati iliyo karibu. Kwenye zahanati aseme kwa maneno yake tu, kwamba halali, kwamba amechoka kuishi, hana haja ya kujua jina la ugonjwa.

Kuna kesi moja iliyonisumbua kuliko zote kwa sababu huko ukimya nao ungekuwa dhambi. Mtu alifariki, na familia ilisema wazi kuwa alikuwa amekopa kwenye programu za simu, zile mtaani tunaziita kausha damu pamoja na ndugu zao wa vibandani. Alipochelewa kulipa, waliwatumia ujumbe watu wote waliokuwa kwenye simu yake, bosi wake, mchungaji wake, shemeji zake, wakimwita tapeli. Mwandishi alileta habari kichwa kikiwa tayari: mkopo wamuua. Dawati liligawanyika. Wengine walisema tukiificha tunawalinda wakopeshaji, na walikuwa na hoja. Lakini tukiandika kwamba mkopo umemuua, tunamwambia kila mwenye deni kama lile, na wapo wengi sana, kwamba huko ndiko deni linakoishia.

Tuliamua mkopo ndio uwe habari na kifo kisiwemo. Tukawatafuta wadaiwa walio hai, wenye ujumbe wa matusi kwenye simu zao, wenye hesabu ya riba mkononi. Tukaeleza nini mkopeshaji haruhusiwi kufanya. Hiyo ilikuwa karibu na Novemba 2024, Benki Kuu ilipotangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni, kwa hiyo msomaji alikuwa na mahali pa kuangalia. Tukaweka na mdaiwa mmoja mama aliyekwenda polisi na simu yake, akaandikisha malalamiko, na vitisho vikakoma.

Wiki iliyofuata kaka wa marehemu alipiga simu ofisini. Nilijiandaa aniulize kwa nini ndugu yake hayumo. Aliuliza jina la programu ile kama limo kwenye orodha ya Benki Kuu, kwa sababu walikuwa bado wanampigia mjane, sasa wakidai yeye ndiye mdhamini. Lilikuwemo. Nikampa namba ya yule mama aliyefanikiwa, baada ya kumwomba ruhusa, na mwandishi wetu akaambatana nao kituoni Jumatatu.